Kamusi kubwa ya Oxford nimeipima kwa neno moja: idiosyncrasy

Watu wakitaka kununua kamusi wengi wanaangalia unene, wengine wanaangalia kama ina picha za rangi katikati, wengine bei basi. Mi ushauri wangu ni huu, chukua neno moja gumu ambalo lina hisia ndani yake, litafute kwenye kila kamusi unayoweza kuishika, ile itakayokuwezesha kulitumia kesho asubuhi mbele ya bosi bila kumvunjia mtu heshima ndo hiyo ya kununua. Neno langu ni idiosyncrasy. Nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka na kuwaandaa vijana kwa ajili ya intavyuu hapa Dar, na hili neno linanijia kwenye barua za kumpendekeza mtu kazini, kwenye ripoti za hospitali, kwenye makaratasi ya mambo ya hisa, na kila likija linataka Kiswahili kingine.

Kamusi ninayoizungumzia ni Oxford Advanced Learner's Dictionary, ile nene ambayo mtaani tunaiita Oxford tu. Toleo la 10 lilitoka 2020, alafu kuna tovuti yake ambayo unaisoma bure ili mradi una bando. Historia yake inaeleza kwa nini inatufaa watu kama sisi. Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Japani, na kamusi aliyoiandaa na wenzake wawili, Gatenby na Wakefield, ilichapwa Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaja kuitoa tena 1948. Yaani toka mwanzo ilikuwa ya mtu ambaye Kiingereza hakukinyonya kwa mama yake, mtu anayetaka kujua neno linakaa wapi kwenye sentensi, lina wingi au halina, linapenda kuongozana na maneno gani. Mwingereza hana shida hiyo, sisi tunayo kila siku.

Sasa fungua kwenye idiosyncrasy. Maelezo ni mafupi, na yameandikwa kwa maneno ya kawaida kwa sababu wenyewe wana orodha yao ya maneno kama 3000 ambayo ndo wanaelezea nayo mengine yote, kwa hiyo hukuti neno gumu limeelezwa kwa gumu zaidi mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Wanakwambia ni namna ya mtu mwenyewe ya kutenda au kufikiri, hasa inapokuwa si ya kawaida, alafu wanaongeza kwamba inaweza kuwa sifa ya ajabuajabu ya kitu pia. Hiyo "hasa" waliyoiweka pale katikati mimi naiheshimu sana, kwa sababu inakuachia nafasi: jambo linaweza lisiwe la ajabu kabisa, likawa tu ni la mtu huyo, ukiliona unajua hapa kapita fulani.

Na hapo ndo vijana wangu wengi wanapokwama. Wakiliona neno wanasoma ule mwanzo, idio, wanaruka moja kwa moja kwenye idiot, wanadhani mtu katukanwa. Ukishuka chini kwenye sehemu ya asili ya neno, tovuti inakuonyesha limetoka Kigiriki: idios ni cha mtu mwenyewe, binafsi, sun ni pamoja, krasis ni mchanganyiko. Mchanganyiko wako mwenyewe, ulivyochanganywa wewe. Idiot nalo limetoka kwenye hiyohiyo idios, kwa Wagiriki alikuwa mtu wa shughuli zake binafsi asiye na cheo cha umma, ubaya ukaja kuongezeka baadaye njiani. Kwa hiyo ni ndugu, ila tabia zao mbalimbali.

Hiyo krasis inakusaidia na kwenye spelingi pia, jambo ambalo watu wanaoandika Kiingereza maisha yao yote wanalikosea. Mwisho ni sy, siyo cy. Democracy ina cy kwa sababu imetoka kwenye kratos, nguvu au utawala, hili letu limetoka kwenye kuchanganya. Ukishajua hivyo hulikosei tena. Wingi ni idiosyncrasies, na kwa kweli wingi ndo utakaokutana nao zaidi, watu wanasema his idiosyncrasies, her little idiosyncrasies, ni nadra kusikia mtu ana moja tu.

Matamshi. Kwenye tovuti unabonyeza unasikia Mwingereza, unabonyeza pengine unasikia Mmarekani, na nawaomba sana mbonyeze, kwa sababu sisi tuna kawaida ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili kinavyotaka, tunasema idiosinKRAsi, wakati wenyewe wanakazia SING: idioSINGkrasi. Ukiteleza hapo kwenye intavyuu msikilizaji anaweza asikuelewe kabisa hata kama sentensi yako ilikuwa safi. Kwenye kitabu mkazo unaonyeshwa kwa kialama kidogo juu, kama kimstari, kabla ya silabi yenyewe, na wengi hawajawahi kufundishwa kukisoma.

Tuje kwenye matumizi, maana hapa ndo pesa yako inaenda. Chukua ofisi yoyote. Kuna mhasibu anaikata saba yake kwa kistari katikati, hataki mtu aguse kikokotoo chake, chai anaimimina saa nne anakuja kuinywa saa sita ikiwa ya baridi kabisa, na ukimtumia risiti lazima uwe umezipanga za zamani juu mpya chini la sivyo anakurudishia bila kusema neno. Hizo ni idiosyncrasies. Mhasibu huyohuyo akichelewa kila Jumatatu, hiyo siyo idiosyncrasy, hilo ni kosa. Akichukua hela ya ofisi ni wizi. Neno hili halifuniki makosa, na ukiliona kwenye barua ya kumpendekeza mtu usiogope, aliyeandika anasema mtu huyu ana namna zake, mzoee, kazi inafanyika. Mara nyingi kuna upendo ndani yake. Lakini kuna waandishi wanaolitumia kwa adabu ya kizungu pale wanapotaka kusema mtu huyu anasumbua, na hapo lazima usome sentensi inayofuata kabla hujatafsiri.

Oxford wameliwekea eccentricity kama kisawe na hapa mimi ningependa wangeeleza zaidi. Haya maneno yanakaribiana ila hayabadilishani viti hivihivi. Eccentricity ni nzito, mtu mwenye nayo jirani wanamsimulia, anatembea na koti la baridi mwezi wa pili hapa Dar. Quirk ni jepesi, la mazungumzo, unaweza kumwambia mtu usoni akacheka. Mannerism ni la mwili na kauli, yule anayekuna kidevu kila anapotaka kujibu, yule anayemalizia kila sentensi na "unanielewa?". Foible ni udhaifu mdogo unaosameheka. Idiosyncrasy limesimama katikati yao wote na limevaa suti, ni neno la maandishi zaidi, ukimwambia rafiki yako kijiweni kuhusu idiosyncrasies zako utasikika kama unasoma ripoti.

Sasa kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, toleo la kwanza 1996, ninayo na siiachi, ni kazi kubwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hakuna mtafsiri anayeweza kuikwepa. Ila kamusi ya lugha mbili kazi yake ni kukupa kisawe, sauti ya neno ni juu yako wewe. Na Kiswahili kina utajiri hapa ambao hauingii kwenye mstari mmoja. Tuna tabia, ambayo ni pana mno. Tuna hulka, ambayo ni umbile la ndani la mtu. Tuna silika, ya kuzaliwa nayo. Tuna mazoea. Tuna kituko na kioja, ila hivyo ni vya kuchekesha au kushangaza, na ukimwandikia mtu kwenye ripoti kwamba ana vituko umeshamharibia. Tuna upekee, ambao ni salama ila ni mkavu kidogo.

Mimi kwenye maandishi ya kawaida nimeishia na vijitabia. "Ana vijitabia vyake." Ule udogo wa ki-ji unabeba ile hali ya kusamehe, na "vyake" inabeba ile idios ya Mgiriki, kwamba ni vya kwake mwenyewe. Na kwa mdomo tunayo nzuri zaidi ya zote: ana mambo yake. Mzee yule ana mambo yake, mzoee tu. Hapo hujasifia, hujatukana, umemweka mtu mahali pake. Shida ni kwamba "ana mambo yake" inategemea sauti, ukiivuta kidogo inakuwa umbea, na kwenye karatasi sauti hamna. Wahenga walishalimaliza hili na kila shetani ana mbuyu wake, lakini hiyo huwezi kuiweka kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini.

Kuna matumizi mawili ambayo ukitegemea Oxford peke yake utabaki nusu njia, na hapa namsifu Merriam-Webster, ile ya Wamarekani, ambayo nayo ni bure mtandaoni na ina maelezo ya kitabibu pembeni. La kwanza ni hilo la tiba, ambalo ndo la zamani kuliko yote. Neno lilipoingia kwenye Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1600 lilikuwa linahusu mwili, jinsi mwili wa mtu fulani ulivyoumbwa. Waganga wa wakati ule walikuwa bado wanafuata mafundisho ya Wagiriki kwamba mwili una vimiminika vinne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kila mtu ana mchanganyiko wake wa hivyo vinne. Ndo krasis hiyo. Nadharia imekufa, neno limebaki, na madaktari bado wanalitumia wanaposema idiosyncratic reaction, dawa inapomfanyia mtu mmoja jambo ambalo haliwafanyii wengine na huwezi kulieleza kwa kusema kazidisha dozi.

Mfano wetu upo. Tanzania ilipoiacha klorokwini mwaka 2001 tukaingia kwenye SP, dawa yenye salfa. Watu wengi waliimeza ikawatibu malaria wakaendelea na kazi zao, lakini wachache sana miili yao iliikataa kwa namna ya kutisha, malengelenge, midomo kuvimba, ngozi kubambuka. Dawa ileile, vidonge vilevile vitatu. Ukikutana na idiosyncratic kwenye ripoti ya namna hiyo ukaandika "ya ajabu" au "ya kipekee" umempotosha msomaji, maana ya kipekee inasikika kama sifa. Mimi naandika "mwili wa mgonjwa huyu uliipokea dawa tofauti na ilivyotarajiwa", inakuwa ndefu ila hakuna atakayeumia. Hapa siko tayari kubishana kuhusu urefu wa sentensi, kwenye mambo ya dawa tafsiri fupi isiyoeleweka ni hatari kwa mtu.

La pili ni la fedha. Idiosyncratic risk ni hatari ya kampuni moja peke yake. Shilingi ikishuka, kampuni zote zilizopo soko la hisa la Dar es Salaam zinaguswa kwa kiasi fulani, hiyo siyo. Ila ghala la kampuni moja likiungua, au meneja wake akiondoka ghafla na wateja, hiyo ndo yenyewe, na ndo maana wanashauri mtu awe na hisa za kampuni mbalimbali. Hamna ajabu wala kituko hapo, ni "hatari mahususi ya kampuni", na aliyeandika "hatari ya tabia za ajabu", nimeiona tafsiri hiyo kwa macho yangu, alifuata kamusi bila kuuliza neno limekaa na nani.

Alafu kuna moja ya wanasaikolojia ambayo naipenda kuliko zote na nasikitika kamusi ya mezani haina nafasi nayo. Edwin Hollander mwaka 1958 aliandika kuhusu idiosyncrasy credit. Anasema mtu kwenye kundi anajiwekea akiba kwa kufuata taratibu za kundi na kuonyesha uwezo, na akiba ikishakuwa ya kutosha kundi linamruhusu kufanya mambo yake bila kumwadhibu. Nenda kikao chochote cha ukoo uone. Mzee aliyesomesha watoto wa kila mtu anaingia amechelewa, anakaa kwenye kiti alichokizoea hata kama kina mtu, anakatiza maneno ya mwenyekiti, na watu wanasema "mwacheni baba, ndivyo alivyo". Kijana aliyerudi juzi kutoka chuoni afanye robo yake tu, ataambiwa ana kiburi na mama yake ataitwa pembeni. Tabia ni ileile, akiba ndo tofauti.

Ukitaka kuwafundisha wengine neno hili watumie watu wanaowajua. Eliud Kipchoge anatabasamu pale ambapo wenzake wanakunja sura, na mwenyewe ameshaeleza kwamba tabasamu linamsaidia kuyabeba maumivu, ukiangalia picha za Vienna 2019 alipomaliza marathoni kwa 1:59:40 unaliona. Hiyo ni idiosyncrasy nzuri kabisa, ya mtu mmoja, inatambulika kutoka mbali. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki 2013, alikuwa anavuta sigara yake mbele za watu katika umri na mahali ambapo mwanamke hakutarajiwa, na sauti yake ile nzito ya taarabu na unyago hukuweza kuichanganya na ya mtu mwingine, wakiandika kwa Kiingereza an idiosyncratic voice hapo neno limekaa kwenye kiti chake na ni sifa tupu. Lakini rungu ya Mzee Moi siku zote mimi nawaambia siyo mfano mzuri, hiyo ilikuwa alama ya mamlaka, wazee wenye mamlaka kushika kitu mkononi ni desturi ya wengi.

Na usisahau kwamba vitu navyo vina zao. Kiingereza chenyewe, mtu aandike though, through, tough na cough, mwisho wa herufi zilezile nne na kila moja inatamkwa kivyake. Kiswahili nacho kina vyake, hatusemi "anala" tunasema anakula, ile ku inang'ang'ania kwa sababu kitenzi ni kifupi mno, alafu ukikanusha inatoka, hali, hanywi. Mgeni anayejifunza anatuuliza kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba lugha yetu ina mambo yake.

Kwa mnunuzi sasa. Kama una intaneti ya uhakika, tovuti inatosha na ina matamshi ya kusikiliza ambayo kitabu hakina. Kama ni kwa mtoto wa sekondari au shule ambayo umeme unakatika, nunua kitabu, na usiogope cha mtumba, yale matoleo ya zamani unayoyakuta kwa wauza vitabu wa barabarani Posta yanatosha kabisa kwa neno kama hili. Kitu cha kuangalia ni nakala za kughushi. Kabla hujatoa hela fungua ukurasa wowote wenye maandishi madogo, angalia zile alama za matamshi kama zinasomeka, kama wino umesambaa na kile kimstari cha mkazo hukioni mrudishie, hata kama jalada linang'aa. Kagua pia mwishoni kama kurasa zipo zote, maana Z ndo huwa inakatwa, na wanaojifunza peke yao huwa hawagunduli mpaka siku wanapoihitaji.